Marehemu Anadi Maji ya Mitunguu

Kile kitasa kilichoanza kuzunguka Ijumaa iliyopita kilimaliza mzunguko wake, msomaji, na mlango wa ofisi ya meneja ukafunguka.

Karwirwa hakuwa na pa kujificha. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Misheck, mbele ya kompyuta ya Misheck, akisoma ripoti ambayo Misheck hakutaka isomwe na mtu. Simu yake ilikuwa mkononi, na ilikuwa imeshapiga picha kurasa tatu.

Lakini aliyeingia hakuwa Misheck. Alikuwa Wambeti, fundi wa mitambo na sauti, msichana wa hapo hapo Embu. Alikuwa amerudi kuchukua waya.

"Wee! Unafanya nini kwa kiti ya boss?"

"Funga mlango."

"Karwirwa, huyo jamaa akikupata hapa..."

"Funga mlango, Wambeti, halafu usome hii."

Wambeti akafunga. Akainama, akasoma. Alipofika katikati ya ukurasa, bazoka aliyokuwa akitafuna ilisimama mdomoni.

Kwa aliyefungia nyama gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, mambo ni haya. Kampuni inayowaajiri wanawake hawa wawili, yenye ofisi katika nyumba ya kupanga mtaani Majimbo, inataka kujenga ghala la kompyuta kule Mitunguu. Kompyuta elfu kadhaa za akili unde, za kufikiri kwa niaba ya watu wa mbali waliochoka kufikiri. Zikifikiri zinashika joto kama jiko, na hupozwa kwa maji. Maji yaliyopo ni ya mfereji unaonywesha ndizi za wakulima mia tatu.

Kampuni haikuja na bunduki. Ilikuja na utabiri. Mashine imepiga hesabu, ikasema kufikia mwaka wa 2032 mto utakuwa mchanga mtupu na ndizi zitakuwa kuni. Basi wakulima watie sahihi, waachie kampuni mfereji kwa miaka thelathini, nao wapewe umeme wa sola usiokatika. Hakuna aliyeuliza kwa nini kampuni ing'ang'anie mto unaokufa. Na chini ya utabiri huo pana jina la mtaalamu wa takwimu aliyeuthibitisha: Karwirwa Thuranira, mtoto wa Mitunguu.

"Sasa hii ingine ni gani?" Wambeti aliuliza.

"Hii ndiyo mashine ilisema kwanza. Iliwekewa mvua ya baba yangu, miaka arobaini, kila asubuhi saa tatu anamwaga kipima mvua na kuandika. Inasema mto wetu hautapungua mpaka 2060. Katika mito yote waliyopima mashariki ya mlima, huo ndio wa mwisho kukauka. Soma mstari wa chini."

Wambeti alisoma kwa sauti, polepole. "'Inapendekezwa maji yachukuliwe mapema, kabla wenyeji hawajapata utabiri huu.'"

"Umeona?"

"Na ile yenye uliweka sahihi?"

"Walitoa mvua ya baba wakaweka ya mahali pakavu huko chini. Mashine ukiilisha uongo inatapika uongo. Nami nikaletewa karatasi saa kumi na moja jioni, nikaweka sahihi bila kufungua tarakimu. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nataka kwenda nyumbani."

Alisema hayo bila kujitetea. Alijichukia sana.

 Wambeti alikuwa ameshika ule waya kama mtu aliyeshika nyoka, akiutazama.

"Kuna kitu hujui," alisema. "Aki Karwirwa, mimi niliambiwa familia imekubali."

"Imekubali nini?"

Wambeti akatoa simu yake na kubonyeza.

"Muga, watu wa Mitunguu," simu ilisalimu kwa Kimeru. "Ni mimi, Thuranira. Nimepewa nafasi niwaambie mambo yanayokuja."

Thuranira ni baba yake Karwirwa. Alizikwa Novemba.

Sauti ilikuwa yake. Ule ukwaruzo wa koo ulikuwa wake, na kile kikohozi kidogo alichokuwa akikitanguliza kabla ya neno zito, nacho kilikuwemo. Mashine ilikuwa imejifunza mpaka ugonjwa wa mtu.

"Mlitoa wapi?" Karwirwa alinong'ona.

"Si wewe ulileta? Zile rekodi anasoma mvua."

Ni yeye aliyeleta. Mwaka jana, mzee akiwa kitandani, mwandiko wake katika yale madaftari haukusomeka tena. Karwirwa alikaa naye siku nyingi, mzee akisoma tarehe na milimita, yeye akirekodi kwa simu ili aje azichape ofisini. Baada ya kuzichapa aliziacha kwenye kompyuta ya kazi. Nani angewaza kuzificha? Ni mzee anasoma mvua tu.

Karwirwa alifika kwenye pipa la taka la Misheck kwa hatua mbili, akatapika chai yote ya asubuhi.

Nami ninayekusimulia simlaumu. Nimeona watu wakiuza ardhi ya yatima, nimeona wakiuza mbegu zilizokaangwa. Lakini kumfukua mtu kaburini kwa kompyuta, umvalishe maneno, umtume akawaibie majirani zake! Wahenga waliposema kufa kufaana, hata wao hawakufikiria uchafu wa kiasi hiki.

"Mkutano ni saa ngapi?" aliuliza akijifuta mdomo.

"Saa tano. Misheck ashaenda. Mimi niko na pikapu ya kampuni, nilirudia hii waya ya spika."

"Twende."

"Nitafutwa kazi."

"Wambeti, ungependa wakuchukulie baba yako hivyo?"

Wambeti alikuwa ameshafungua mlango.

Walipita barabara ya chini ya Ishiara, mguu wa Wambeti ukiwa sakafuni, na saa tano kasorobo walikuwa Mitunguu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wakulima mia tatu na wake zao walikuwa chini ya mahema, kila mtu kavalishwa kofia ya kampuni, kila mtu na soda na mkate mkononi. Mbele palikuwa na skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, na kando yake pazia jeusi lililoficha jenereta na mitambo. Meza ya kutilia sahihi ilifunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, kama meza ya Bwana kanisani. 

Alikuwa hajafika kwenye hema la kwanza Misheck alipomwona. Misheck Mwaniki, suti ya kijivu, viatu visivyojua tope. Badala ya kukasirika, alifurahi.

"Ndugu zangu!" alinguruma kwenye maikrofoni. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mwanasayansi aliyethibitisha utabiri wetu. Si mgeni! Ni wenu! Binti ya marehemu mzee Thuranira! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Mama mmoja akapiga vigelegele. Karwirwa alisimama katikati ya makofi hayo kama mtu aliyemwagiwa maji machafu.

Na kabla hajapumua, spika zikaunguruma. Wambeti alikuwa ameitwa nyuma ya pazia, Misheck amemnyoshea kidole, kazi ni kazi. Skrini ikaonyesha Mitunguu ya kesho: mfereji una vumbi, migomba imelala, mbwa mwembamba anapita.

"Muga, watu wa Mitunguu. Ni mimi, Thuranira."

 Mzee mmoja akavua kofia. Mwingine, bila kujijua, akaitikia, "Muga."

"Haya mnayoyaona yanakuja," sauti ilisema, ikakohoa kidogo. "Mimi nilipima mvua hii miaka arobaini. Msishindane na mbingu. Tieni sahihi, watoto wenu wapate taa."

Mstari wa mbele, kwenye kiti kilichofungwa utepe, alikaa Marcella, mjane wa Thuranira, mama yake Karwirwa. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Kampuni ilikuwa imempanga awe wa kwanza kutia sahihi. Mjane akishatia, nani atabaki?

Karwirwa alipiga magoti kando ya kiti. "Mami, twende nyumbani."

"Umemsikia?" Marcella alimshika mkono. "Umesikia vile anakohoa?"

"Mami, huyo si baba. Hiyo ni kompyuta."

"Usiseme hivyo."

"Ni kompyuta, mami. Imefundishwa sauti yake."

Marcella alimgeukia, na uso wake ulikuwa mkali. "Kwani ni mtu wa aina gani anaweza fanyia maiti hivyo? Hata mchawi anaogopa kaburi. Mimi nimelala peke yangu tangu Novemba sijasikia hiyo sauti. Leo Mungu amenipatia dakika mbili na wewe unaniambia kompyuta! Toka hapa. Unaniharibia."

Karwirwa aliinuka. Kubishana na mama hakungefaa. Ilibaki kupata maikrofoni, na maikrofoni ya mkutano wa wakulima haitolewi na Misheck. Hutolewa na mwenyekiti wa kamati ya mfereji.

Mwenyekiti ni Kathuri. Karwirwa alimpata nyuma ya hema la soda, akila mkate peke yake.

"Mzee, nataka kuongea na watu."

"Programu imejaa, mwari wa Thuranira."

"Unajua ile ripoti ni uongo?"

"Mimi sijui mambo ya kompyuta. Mimi ni mkulima tu."

Alisema hivyo akiangalia mkate. Karwirwa aliona wazi kwamba anadanganywa, na ndipo akafanya kosa ambalo Mmeru peke yake angelifanya.

"Mzee Kathuri," alisema, "wewe na baba yangu ni gichiaro. Kwa gichiaro nakuuliza. Unajua?"

Mkate ulikoma njiani.

Kwa wasiotoka huku: koo mbili zilizoshikana kwa gichiaro ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Hamdanganyani. Mmoja akiomba, mwingine hamnyimi. Anayevunja hashtakiwi popote. Husubiri tu, na balaa litampata nyumbani kwake, kwa mifugo au kwa watoto. Kathuri ni mzee wa kanisa, ametoa ushuhuda mara nyingi kwamba mambo ya kale ameyaacha msalabani. Lakini mambo mengine mtu huyaacha msalabani na kurudi kuyachukua akienda.

Alimeza. "Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi. Misheck alinionyesha ripoti zote mbili. Mto haukauki."

"Na ukanyamaza!"

"Shamba langu liko juu, kabla ya geti la mfereji. Bomba langu halifungwi. Limeandikwa kwa mkataba." Alimtazama sasa, na hakukuwa na aibu usoni mwake, na hilo ndilo lililomchafua Karwirwa roho zaidi. "Umeniuliza kwa gichiaro, nimekujibu. Si nimekujibu?"

"Umenijibu. Sasa nitawaambia watu."

"Ngoja, mwari." Kathuri alijifuta vipande vya mkate kwenye vidole, kimoja kimoja, bila haraka. "Wewe ndio umefungua huo mlango, mimi sikukuita. Sasa na mimi naomba. Kwa gichiaro, leo usifungue mdomo mbele ya watu hawa juu ya hiyo ripoti, wala ya mto, wala ya sauti."



"Mzee, tafadhali."

"Mwaka wa elfu mbili, ule wa kiangazi, nilimwomba baba yako zamu yake ya maji. Alinipa. Migomba yake yote ikakauka, mkakula mahindi ya kununua mwaka mzima. Hakuninyima. Wewe utaninyima?"

Angeweza kucheka. Ana digrii ya takwimu, amefundishwa kwamba balaa na kiapo havina uhusiano wowote unaopimika. Lakini alikumbuka baba akisimama kwenye migomba iliyokufa, akisema tu kwamba ameombwa na mtu asiyenyimwa. Akivunja gichiaro leo, basi baba alikausha shamba bure.

"Sitakunyima," alisema, na maneno yalikuwa na ladha ya nyongo.

Kathuri akamalizia mkate wake.

Karwirwa alirudi uwanjani akiwa hana mdomo. Misheck alikuwa anasoma majina. Marcella alikuwa ameinuka, anaongozwa mezani na msichana wa kampuni aliyemshika kiwiko. Baada ya dakika mbili tatu hivi, mfereji ungekuwa umekwenda.

Pazia jeusi lilifunguka kidogo. Mkono wa Wambeti ukamvuta ndani.

"Amekupea maiki?"

Karwirwa alitikisa kichwa. Akaeleza kwa maneno manane.

"Wueh! Nyinyi Wameru!" Wambeti alijishika kichwa. Kisha akaigeuza kompyuta ndogo iliyokuwa mezani. "Sikia. Hii kitu inasema chochote mtu anaandika. Unaandika hapa, unabonyeza hapa, anatoka huko nje. Shida ni Kimeru. Kimeru yangu ni ya kununua ndizi. Andika wewe."

"Niandike nini?"

"Ukweli! Mwambie mzee wako aseme ukweli. Wewe umefungwa mdomo. Yeye hajafungwa. Dawa ya moto ni moto."

Karwirwa aliangalia kibodi.  Huu ulikuwa uchafu ule ule, ila sasa sahani ilikuwa imewekwa mbele yake yeye. Baba hakusema maneno aliyotiwa na Misheck, na hangesema maneno atakayotiwa na bintiye. Tena kumzunguka Kathuri hivi ni hila, na hila ndani ya gichiaro ni panya ndani ya unga. Unga wote unamwagwa.

Kupitia upenyo wa pazia alimwona mama akipewa kalamu.

Akaandika. Vidole vilikosea herufi, akarudia. Wambeti alikuwa ameziba macho kwa mkono ule ule wenye waya. Karwirwa akabonyeza.

"Kathuri," spika zilisema uwanja mzima.

Kalamu ya Marcella ilisimama hewani. Misheck aliitazama karatasi ya programu yake, akaigeuza upande wa pili.

"Kathuri, ni mimi Thuranira. Kwa gichiaro nakuuliza mbele ya watu hawa wote. Mto wetu utakauka?" Sauti ikakohoa kidogo, yenyewe, bila kuandikiwa. "Nijibu."

Hapo ndipo ungemwona Kathuri! Watu mia tatu waligeuza shingo. Kofia ya kampuni aliivua, akaivaa, akaivua. Akisema huyo si Thuranira, uongo wa kampuni umekufa palepale. Akikubali ni Thuranira, lazima ajibu, na jibu analo.

"Jibu gichiaro, Kathuri!" mzee mmoja alipaza sauti. "Kwa nini unatetemeka?"

"Jibu! Jibu!"

Misheck alikuwa anakimbilia spika, hajui waya ipi aivute. Nyuma ya pazia Wambeti alimkumbatia Karwirwa mabega. "Amepatikana! Karwirwa, amepatikana!"

Lakini mtu hawi mwenyekiti wa maji miaka kumi na sita kwa kuwa mjinga. Kathuri alitembea. Hakwenda kwenye maikrofoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pazia jeusi, akalishika kwa mikono miwili, na akalivuta mpaka likang'oka na miti yake.

Jua likaingia ghafla. Wakulima mia tatu wakamwona Karwirwa ameinama juu ya kompyuta, vidole vyake vyote kumi vikiwa kwenye herufi.

"Mnaniambia nimjibu marehemu?" Kathuri alisema kwa sauti ya upole iliyofika hadi hema la mwisho. "Marehemu ni huyu. Muulizeni huyu ni nani amekuwa akimsemesha baba yake."

  Misheck aliacha kutafuta waya. Alisimama akanyosha koti lake, na taratibu akaanza kutabasamu, maana jina lililo chini ya ripoti si la kwake.

Marcella aliacha meza. Alikuja kalamu ikiwa bado mkononi, watu wakimpisha, mpaka akasimama mbele ya bintiye. Aliziangalia herufi. Aliviangalia vidole. Alipoinua macho, hayakuwa na machozi tena. Yalikuwa yanamtazama Karwirwa kama unavyotazama kitu ulichokanyaga gizani.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Mami..."

"Nijibu mbele ya hawa watu. Hiyo sauti ya baba yako, ni wewe uliwapatia?"

Ni yeye aliyewapatia. Jibu la ndiyo bila maelezo lingemzika, na maelezo yote yalikuwa ya ripoti, na ya mto, na ya sauti.

"Jibu, mwari," mama alisema tena.

Nyuma ya bega la Marcella, Kathuri aliinua kidole kimoja na kukiweka polepole juu ya midomo yake, kama mzee wa kanisa anayemnyamazisha mtoto wakati wa sala.